Siku Kumi na Tisa Bila Jina

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu juu ya Kiboriloni tuliamini kwamba mtu akiumia barabarani hurudi nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza unarudishwa mwili wake, kwa gari au kwa mgongo wa mtu, na hiyo ni kazi ya yeyote aliye karibu. Mara ya pili kinarudishwa kile kilichobaki pale damu ilipomwagika, na hiyo ni kazi ya mtu mmoja tu. Wengine walikiita kivuli. Bibi yangu hakukipa jina. Alisema tu "mwenyewe", kana kwamba yule aliyelazwa kitandani ni mzigo wa mtu ambaye bado yuko njiani.

Ninayaandika haya kwa sababu bibi amekwisha kufa na watu wa ukoo wetu waliobaki wanayasimulia vibaya. Mmoja anasema nilianguka kutoka juu ya mparachichi. Mwingine anasema niligongwa na lori. Nimekaa na Mama Kunda, jirani yetu, ambaye bado anaishi na bado anakumbuka, nikalinganisha maneno yake na yangu. Pale tulipotofautiana nimeacha.

Nilikuwa na miaka tisa, niko darasa la tatu. Ilikuwa Jumamosi, tunapandisha kutoka sokoni Kiboriloni, bibi mbele na kikapu kichwani, mimi nyuma na mfuko wa machungwa. Kwenye kona ambapo barabara inapita juu ya mfereji, chungwa moja likatoka kwenye mfuko likaanza kurudi Kiboriloni. Nikalikimbilia. Sikusikia kitu chochote. Waendesha pikipiki wa kwetu wakishuka mlima huzima injini ili kubana mafuta, na pikipiki iliyozimwa hushuka kimya kama baiskeli.

Nakumbuka kokoto shavuni. Nakumbuka sauti ya mwenye pikipiki, mtu mzima mwenye watoto wake, amekaa chini upande wa pili wa barabara akirudia, "Nimepiga honi. Nimepiga honi jamani." Hakupiga. Alikuja kukiri mwenyewe mbele ya bibi wiki iliyofuata, ameshika kofia mkononi. Mguu wangu wa kushoto, chini ya goti, ulikuwa umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei.

Watu walijaa kwa haraka, kama wanavyojaa. Wakaanza kunitafutia gari. Bibi hakuwa kwenye duara lile. Alikuwa ameingia kwenye shamba la watu kando ya barabara, anachuna majani makavu ya mgomba.

"Bibi, mtoto kwanza!" mwanamke mmoja akapiga kelele.

Bibi akarudi amekumbatia majani, akapiga magoti pale penye damu, akaifunika, akaanza kuweka mawe juu yake, moja baada ya jingine, kwa utaratibu wa mtu anayepanga mafiga.

"Mtoto ni huyo," akasema bila kuinua kichwa, "na huyu hapa. Nyie mshikeni huyo, mimi namshika huyu."

Nimewahi kusikia watu wakicheka wakisimuliwa habari hii. Mimi sikucheka siku ile na sijacheka tangu hapo. Nilikuwa nimelala nikiangalia bibi yangu akinifunika mahali ambapo sikuwa.

Tulipata pikapu iliyokuwa imepeleka ndizi mjini. Tukapitia polisi kuchukua ile fomu ya majeruhi, kisha hospitali. Yote hayo bibi aliyafanya sawasawa. Alikuwa Mlutheri wa kukaa benchi la tatu kila Jumapili, alijua kusoma, na hakuwa na ugomvi wowote na madaktari. Alisema mguu ni wa daktari na awe na amani nao. Ila nilipokuwa kwenye benchi nasubiri kufungwa plasta, muuguzi akatokea mlangoni na karatasi akaita jina langu.

Bibi akanibana mkono. "Usiitike."

"Manka!" muuguzi akarudia. Akatufuata. "Si huyu? Mbona haitiki? Kaumia na kichwa?"

"Kichwa ni kizima," bibi akasema. "Mwite mgonjwa."

"Bibi, wagonjwa wamejaa humu mpaka koridoni."

"Basi mwite mwenye mguu."

"Na wasio na miguu wako wapi humu ndani?" muuguzi akauliza, na watu wa kwenye benchi wakacheka. Lakini alikwenda kumwambia daktari kwamba mtoto haitiki jina lake, na daktari akanimulika machoni na tochi kwa muda mrefu sana kabla ya kushika mguu wangu. Bibi alisimama pembeni, ametulia, anamwangalia daktari akimaliza bure betri za tochi yake.

Nyumbani ndipo aliponieleza. Aliniwekea kitanda kwenye chumba kidogo chenye dirisha linalotazama lango, akanikalisha, akaniambia mambo yote kwa sauti ileile aliyoitumia kunifundisha Amri Kumi.

Damu imefunikwa. Mvua isiinyeshee kabla sijarudishwa. Anayerudisha ni yule aliyenizaa. Atakuja asubuhi, jua halijapiga njia, achume jani la isale, asimame pale penye mawe aniite kwa jina mara tatu. Kisha atembee kuja nyumbani huku akilitaja jina langu, asilikatishe hata hatua moja. Njiani asisalimie mtu, akisalimiwa asiitikie, akiitwa asigeuke nyuma. Akifika, jani liwekwe chini ya godoro langu. Hapo ndipo nitakuwa nimefika.

"Mpaka siku hiyo," bibi akasema, "jina lako lisitajwe humu. Likitajwa humu, mwenyewe kule atasikia anaitwa huku na huku, atachanganyikiwa. Na wewe ukisikia linatajwa, usiitike. Hata likitajwa hapo langoni. Ukiitika kabla jani halijaingia ndani, atadhani ameshafika, atabaki nje ya boma."

Isale ni ule mmea wenye majani marefu membamba ambao kwetu ndio ua na mpaka. Kihamba chetu chote, nyumba na shamba lake la migomba, kimezungukwa nao. Ni mmea huohuo ambao mtu aliyekosa huuchuma jani, akalifunga fundo, akalipeleka kwa aliyemkosea. Ukipelekewa isale lenye fundo huwezi kukataa kusamehe. Mambo haya mawili, la kuita na la kuomba radhi, nilikuwa nayajua kila moja peke yake. Sikujua kwamba mwaka ule yangekutana langoni kwetu.

Maana aliyenizaa hakuwa nyumbani. Mama yangu, Ruthi, alikuwa Mabogini, kule chini kwenye mashamba ya mpunga, kwa mwanamume wa kutoka mkoa mwingine. Alikwenda nikiwa na miaka mitano. Siku aliyokwenda nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nakula ndizi ya kuchoma, na nilimwona bibi amesimama langoni akimwambia maneno, lakini sikuyaelewa. Tangu siku hiyo zilikuwa zinakuja salamu na wakati wa mavuno mchele, kupitia wanawake wa sokoni. Yeye mwenyewe hakuja.

Siku zikaanza kupita bila mtu kuniita.

Ni vigumu kumweleza mtu mzima jambo hili lilivyo. Mtu mzima anaweza kukaa wiki nzima bila kuitwa jina asitambue. Mtoto anaitwa kutwa nzima: lete maji, acha hiyo, njoo ule, uko wapi. Jina lake ndilo kamba anayofungiwa nyumbani. Bibi alikuwa akiingia na bakuli la mtori anasema, "Haya, kula." Alikuwa akinigeuza, akinisugua mgongo kwa mafuta, anasema, "Haya, upande huu." Mikono yake ilikuwa ileile. Lakini alikuwa ananihudumia kama unavyotunza kitu cha jirani aliyesafiri.

Wenzangu wa shule walikuja mara moja, watatu. Bibi aliwapa masharti langoni. Wakaingia, wakasimama ukutani, wakaitazama plasta. Mmoja alitaka kusema jina langu, akajishika mdomo, wote wakacheka, kisha wakaogopa kwamba wamecheka. Hawakurudi. Nilikuwa nikiwasikia asubuhi wakipita njiani kwenda shule, na wakifika karibu na lango letu walikuwa wakinyamaza, wakishavuka wanaanza tena kuongea.

Mama Kunda peke yake ndiye aliyeendelea kuja, na naye sharti lilimpa taabu. Miaka yote alikuwa akimwita bibi yangu "Bibi Manka", kama ilivyo desturi, na sasa jina hilo lilikuwa na jina langu ndani yake. Siku ya kwanza alisimama mlangoni mdomo wazi. "Hodi, Bibi... Bibi Nanihii." Likabaki hilo. Bibi Nanihii, umeshakamua? Bibi Nanihii, nipatie moto. Nililala nikimsikiliza akilisema, na badala ya kucheka nilikuwa nawaza kwamba nanihii ndiye mimi.

Kutwa nilikuwa peke yangu na sauti. Maji ya mfereji. Ng'ombe bandani akitafuna. Majani ya migomba yakisuguana upepo ukishuka kutoka mlimani. Nilijaribu kujihisi kama nimepungua. Nilikuwa nikifumba macho najaribu kuona kona ile, mawe yale, kama kweli niko pale, na mara nyingine nilikuwa naona kweli: kokoto, gurudumu linapita, miguu ya watu wa sokoni. Siku moja nilijifunika blanketi kichwani nikalisema jina langu mwenyewe, polepole, mara moja. Halafu nikaogopa mpaka nikatokwa na jasho, nikidhani nimeharibu kila kitu. Sikumwambia mtu.

Bibi kila jioni alikuwa akishuka hadi kwenye kona kuangalia mawe. Wiki ya pili ilipoingia na mawingu yakaanza kukaa juu ya mlima bila kuondoka, alibeba kipande cha bati kutoka kwenye banda la kuku akaenda kufunika juu ya majani na mawe. Pikipiki zikawa zinalizunguka. Hakuna aliyethubutu kuliondoa. Alirudi siku hiyo amelowa umande wa jioni, akakaa jikoni bila kuwasha taa, na Mama Kunda akaja. Jikoni na chumba changu vilitenganishwa na ukuta wa mbao. Nilisikia kila neno.

"Masika hii haisubiri," Mama Kunda alisema. "Umemwita?"

"Amepata habari. Wale wanawake wa mchele walimwambia siku ya pili yake."

"Nimekuuliza umemwita."

"Mtoto wake amevunjika mguu. Anataka kadi ya mwaliko?"

"Bibi Nanihii, nilikuwepo mimi. Nilisimama pale kwenye mti wa mringaringa nikakusikia kwa masikio yangu. Ulimwambia asikanyage kihamba hiki mpaka umwite wewe. Ulipiga na udongo teke. Habari ni habari. Wewe ulisema kuita."

Nilisikia kuni ikisukumwa mafigani.

"Mpelekee isale aje," Mama Kunda akasema, kwa sauti ya chini sasa.

"Nimpelekee isale mimi? Mimi ndiye niliyekosa? Aliondoka hapa bila kumleta mtu yule hata kunywa maji kwangu."

"Basi kamwite mtoto wewe mwenyewe. Si inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa kama mama yake amekufa."

"Basi fanya kama amekufa. Mvua inakuja, mtoto analala humo kama gogo. Sema amekufa, twende asubuhi, mimi nitakushika mkono."

Nilidhani bibi amelala pale alipo. Kisha akasema, "Siwezi kumzika mtoto wangu kwa mdomo."

Mama Kunda akaaga akaondoka. Mimi nilibaki nikiangalia dari. Kwa mara ya kwanza nilielewa yale maneno ya langoni nilipokuwa nakula ndizi, na nilielewa pia kwamba mimi niko katikati. Mmoja anangoja kuombwa, mwingine anangoja kuitwa, na mvua haimngoji yeyote. Nikaanza kumtazamia mama yangu asubuhi, tangu kuku wanaposhuka mpaka jua linapopiga njia. Jua likishapiga nilikuwa najua ni siku nyingine imepita, na nalala tena.

Asubuhi ya siku ya kumi na tisa bibi alikuwa nyuma ya nyumba anakamua. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Bobi, mbwa wetu mzee, akabweka mara moja, halafu akaanza kulia kile kilio cha kumlaki mtu wa nyumbani. Nikasikia hatua. Zikafika langoni zikasimama. Na nikasikia sauti.

"Manka. Manka. Manka. Manka."

Haikuwa sauti ya kuita. Ilikuwa ya chini, imechoka, kama mtu anayehesabu kitu ambacho amekihesabu kutoka mbali. Siwezi kudai kwamba niliitambua. Nilikuwa nimeishi nusu ya umri wangu bila kuisikia. Lakini nywele za shingoni mwangu ziliitambua.

Nililiweka blanketi mdomoni nikaliuma. Ukiitika kabla jani halijaingia ndani, atabaki nje ya boma. Nikauma. Dirisha lilikuwa pale juu ya kichwa changu, nusu wazi, na kama ningeinuka kwa kiwiko ningeona lango. Sikuinuka. Nilijiambia ataingia. Jani lazima liingie, kwa hiyo lazima aingie, na akiingia nitaitika kwa nguvu zangu zote.

Sauti ikaendelea. Sijui kwa muda gani. Mtoto hana kipimo cha muda kama huo. Kisha ikanyamaza. Bobi akalia tena. Na hatua zikaondoka, zikishukia njia ya mfereji, taratibu, kisha upesi.

Bibi alikuwa bado hajaleta maziwa jikoni Mama Kunda alipoingia uani kwa njia ya upande wa kwao, kanga imemteleza begani, hasira zimemtangulia.

"Hodi, hodi! Bibi Manka, hebu toka. Toka uniambie huyu mwanao nimemkosea nini!"

Alilitaja jina wala hakugundua.

"Mwanangu yupi?" bibi akauliza kutoka bandani.

"Unao wangapi? Ruthi! Nakwenda zangu sokoni, nakutana naye hapo chini kwa mwalimu. Nikasema, mama yangu, Ruthi huyu! Nikafurahi. Nikamwambia umeamkaje mwanangu. Kimya! Shikamoo yenyewe sijaiona. Mimi, niliyemkata kitovu! Ananipita kama anaupita mgomba. Midomo inacheza tu anaongea peke yake. Nikamfuata, nikamwambia we Ruthi, mpunga umekutoa adabu? Kimya!"

Nikasikia ndoo ikiwekwa chini.

"Uliposema hivyo," bibi akauliza, "aligeuka nyuma?"

"Nani?"

"Ulipomtukana. Aligeuka?"

"Hakugeuka! Nimeita mpaka mwalimu mwenyewe katoka nje na mswaki mdomoni. Ruthi! Ruthi! Anapanda tu. Hata shingo..."

Akakatiza hapo. Halafu Mama Kunda akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Yesu wangu. Na mkononi alikuwa na jani."

Sijawahi kumwona bibi yangu akikimbia, na siku ile pia sikumwona, kwa sababu nilikuwa nimelala. Lakini nilimsikia. Nilisikia viatu vyake vya mpira vikipiga uwanja mzima hadi langoni, vikasimama pale zilipokuwa zimesimama zile hatua. Nilingoja nisikie sauti mbili. Nilisikia moja.

"Hayupo," bibi alisema.

Jani lilikuwa limefungwa kwenye nguzo ya lango, upande wa nje. Lilikuwa na fundo. Mama Kunda ananiambia kwamba bibi alisimama akiliangalia fundo lile bila kuligusa, kisha akaangalia chini, na pale chini kwenye udongo laini nyayo za mama yangu zilikuwa zimejaa sehemu moja, zimekanyagana, vidole vyote vimeelekea ndani. Hakuna hata unyayo mmoja uliovuka mstari wa lango. Alikuwa ametimiza yote. Alikuja bila kuitwa kwa sababu ya mtoto wake, na hakuingia kwa sababu ya neno la mama yake.

Bibi aliingia chumbani na jani. Akainua godoro, akaliweka, akashusha godoro. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa na harufu ya maziwa.

"Manka," akasema.

"Abee, bibi."

"Umefika."

Nikamwuliza mama yuko wapi. Akasema amerudi. Nikamwuliza kwa nini. Akatazama dirisha, akasema, "Kwa sababu yangu," na hilo ndilo neno pekee la namna hiyo nililowahi kulisikia kwake. Mvua ilianza mchana, kubwa, na ikanyesha siku tatu mfululizo. Hakuna aliyekwenda kuangalia bati.

Jumapili iliyofuata bibi hakukaa benchi la tatu. Alichuma isale, akalifunga fundo, akajitwisha mkungu wa ndizi, akashuka Mabogini mahali ambapo alikuwa hajawahi kufika. Alirudi jioni na mchele, matope yamefika magotini. Nilimwuliza kukoje. Akasema, "Maji mengi." Krismasi ile mama yangu alikuja, na mume wake, mtu mpole mwenye aibu ambaye alikunywa kila kikombe alichopewa. Mama alikaa kwenye kiti karibu na mlango. Aliushika mguu wangu, akaupapasa pale mfupa ulipoungana, akasema umepona vizuri. Nilikuwa nimekwisha kuzoea kuwa mtoto wa bibi. Alinitazama kama mgeni anayetazama nyumba aliyowahi kuishi, naye akarudi kwake baada ya siku mbili. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote iliyofuata.

Siku hizi mtu wa kwetu akigongwa na kuniuliza afanye nini, namwambia mambo yanayoeleweka. Shika namba ya pikipiki. Usiunyooshe mguu kwa nguvu, ufunge ubao. Pitia polisi uchukue fomu, nenda hospitali, tunza kila karatasi. Mimi karatasi zangu ninazo, zimekaa ndani ya kitabu cha nyimbo cha bibi, nakala ya fomu na kadi ya hospitali, na katikati yake jani kavu lenye fundo, limekuwa jepesi kama ganda la kitunguu. Mguu uliungana kwa sababu ya plasta. Hilo silibishi. Umepinda kidogo, na kukiwa na baridi unanikumbusha. Kuhusu kile kingine, kilichobaki au kisichobaki kwenye kona, sina la kusema kwa mtu aliyesoma zaidi yangu. Najua tu kwamba kwa siku kumi na tisa sikuwepo, na baadaye nikawepo.

Lakini kuna jambo ambalo bibi alikufa bila kulijua, wala Mama Kunda halijui. Kwamba nilisikia. Kwamba mama yangu alisimama langoni akilitaja jina langu, nami nikauma blanketi.

Masika iliyopita nilishuka Mabogini kumwona. Mume wake amekwisha kufariki, anaishi peke yake kwenye nyumba ile iliyozungukwa na majaruba. Tulikaa nyuma ya nyumba, anapepeta mchele, mimi natoa mawe. Nilimwuliza kama siku ile alihesabu ameliita jina langu mara ngapi kutoka kwenye kona. Akasema hakuhesabu. Alikuwa anaogopa kupumua vibaya lisije likakatika.

Basi nikamwambia. Nikamwambia nilikuwa macho, nilimsikia, na sikuitika kwa sababu bibi alikuwa amenikataza.

Ungo haukusimama. Aliutikisa, akapuliza makapi, akautikisa tena.

"Ungeitika ningeingia," akasema. "Nilisimama pale nikisubiri hilo tu. Nilisema, mtoto akiitika, naingia, na mama anifanye atakavyo."

Nikaendelea kutoa mawe. Nimelifikiria neno hilo sana tangu hapo. Tulikuwa wanawake watatu, na kila mmoja alishika sharti lake bila kukosea hata kidogo. Bibi alilinda damu. Mama hakugeuka wala hakuvuka lango. Mimi sikuitika. Nimeyapitia masharti yale yote jinsi bibi alivyonipa, na hakuna hata moja lililosema nani afungue mlango.

Mama aliinuka, akaingia na ungo jikoni. Mimi nilibaki nje na mawe madogo kiganjani, nikiyatazama majaruba. Nilisikia sufuria, kisha maji, kisha sauti yake kutoka ndani, ya kawaida, ya mtu ambaye mikono yake imejaa.

"Manka!"

"Abee, mama," nikaitika, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na nikaingia.